Presi Yenye Vidole Vinne

"—mguu, Baba! Toa mguu hapo! Hapana, usitoe! Usiuachie! Shusha taratibu... taratibu... jamani jicho lako! Hapohapo. Sasa achia."

Agape alikuwa ametoka kuoga, khanga moja kifuani, povu la sabuni bado masikioni, amekatisha uwanja mzima peku akipiga yowe mpaka kuku wakaingia jikoni wenyewe. Katikati ya uwanja alisimama baba yake, Mzee Makoye, kiatu chake cha tairi kikiwa juu ya ncha ya chini ya upinde wa binti yake, ncha ya juu ameibana kwenye paja, mkono wa kulia unavuta kamba aing'oe.

"Mayu," alisema mzee, akimwita kama Wasukuma wanavyomwita binti wanayempenda, "unapiga kelele kama umeona fisi."

"Afadhali fisi! Fisi angekula mbuzi akaondoka. Huu ungekula jicho na pua juu."

"Mimi nimeanza kukunja upinde kabla mama yako hajazaliwa."

"Upinde wa mti, Baba! Huu siyo mti!"

Na kweli haukuwa mti. Ulikuwa kompaundi, upinde wa kisasa wenye magurudumu mawili kwenye ncha na kamba zinazopita huku na huku kama mnyororo wa baiskeli. Mwalimu wake wa michezo chuoni Morogoro alimwachia Agape siku aliyomaliza diploma ya utalii, maana chuo kizima hakuna aliyemfikia kwa shabaha. Upinde wa namna hiyo umejikaza muda wote, hata ukiwa umetundikwa ukutani umelala. Nguvu iliyomo ndani ikitoka kwa ghafla, mikono ya upinde, yale mabapa ya juu na chini yanayopinda, inapasuka vipande vipande, na vile vipande havichagui pa kuingia.

Lakini mzee naye hakuwa mchokozi. Kwa Wasukuma, upinde unaopumzika hufunguliwa kamba. Tangu utoto Mzee Makoye alifundishwa hivyo, na alikuja huku Sitalike, Katavi, na ng'ombe wake na desturi zake zote.

"Upinde unaolala na kamba unazeeka," alisema, sasa kwa sauti ya chini. "Mwezi mzima umeuacha umefungwa. Nikauonea huruma."

Agape akacheka. Ungefanyaje na mtu kama huyo? Akamshika mkono, akamsogeza mbali na upinde.

Kilichomtia baridi ni kitu kingine. Siku ile ilikuwa Jumatano. Ijumaa saa nne asubuhi alitakiwa kambini, ile kambi mpya ya wageni ng'ambo ya mto, akapige mishale mbele ya meneja. Walikuwa wanatafuta mtu wa kufundisha watalii upinde. Miezi minane tangu amalize chuo, barua kumi na moja za maombi, na hii ndiyo kazi ya kwanza iliyokuwa imeandikwa kama vile walimpima yeye wakaishona. Meneja alisema wazi kwenye simu: njoo na upinde wako. Bila upinde, kazi inaenda kwa mwingine.

"Kama mkono wa upinde umepata ufa," alisema polepole, "basi, Baba. Imeisha."

 Mzee aliingia ndani, akatoka na kipande cha pamba, amekinyofoa kwenye mfuko wa mavuno. Akachuchumaa. Akaanza kuipitisha pamba juu ya mikono ya upinde, kwa wepesi, kama anampangusa mtoto machozi.

"Unafanya nini?"

"Jicho linadanganya. Kidole kinadanganya. Pamba haidanganyi. Penye ufa hata mdogo kama unywele, itanasa."

Alipitisha juu. Akapitisha chini. Akageuza, akarudia kwenye kingo, huku Agape amebana pumzi mpaka povu likakauka masikioni. Pamba ilitoka nzima, nyeupe, haijaacha hata uzi.

"Mzima," alisema mzee. "Ila kamba yako imeoza."

Hilo Agape alilijua. Karibu na gurudumu la chini nyuzi zilikuwa zimeanza kuchomoka, zimesimama kama ndevu za mahindi. Kamba mpya alikuwa nayo tangu chuoni, imo kwenye bahasha, haijaguswa. Shida ni kwamba kompaundi haibadilishwi kamba kwa mikono. Unahitaji presi, chombo kinachobana mikono ya upinde pole pole mpaka kamba ilegee yenyewe. Duka lenye presi, kwa anavyojua yeye, liko Arusha. Mpaka aende arudi, Ijumaa imeshakuwa Jumanne.

Optatus, kijana wa bodaboda wa jirani, alikuwa amevutwa na yale mayowe. Akasikiliza, akajikuna kichwa.

"We Agape, mbona rahisi? Nna mikanda ya kufungia magunia, nna jeki. Tunaufunga kwenye mti, tunakaza, kamba inalegea. Dakika tano."

"Optatus, mara ya mwisho ulifunga kitanda cha Mama Monika kwa hiyo mikanda, kitanda kikashukia Kibaoni."

"Kile kitanda kilikuwa na majini."

"Mkanda unavuta upande mmoja zaidi, upinde unajipinda, ukijipinda unaruka. Sitaki."

"Basi kuna mjomba wangu Mpanda," alisema Optatus, kama mtu aliyekumbuka kwamba ana pesa mfukoni. "Fabiani. Aliendesha gari la kampuni ya uwindaji miaka na miaka. Kampuni ilipofunga, walimwachia sanduku la bati. Mle ndani kuna madude ya pinde, sijui ndiyo hayo."

Agape alimkumbatia. Optatus akatembea kifua mbele siku nzima.

Alhamisi saa mbili walikuwa Makanyagio, mjini Mpanda, uani kwa Mzee Fabiani, Agape, baba yake, na Optatus. Mwenyeji alikuwa mzee mwembamba wa kabila la Wapimbwe, rozari shingoni, mcheshi kupita kiasi. Baada ya shikamoo na habari za ng'ombe na habari za mpunga, alimtazama Mzee Makoye.

"Nyie Wasukuma, mmemaliza majani yote ya Katavi, sasa mmekuja kumaliza na sanduku langu?"

"Tumekuja kulilinda," alijibu Mzee Makoye. "Mpimbwe akisinzia, hata sanduku linaota mpunga."

Wakacheka hao, wakapigana viganja. Sanduku likafunguliwa. Presi zilikuwa mbili, zote ndogo, za kubeba begani. Mzee Fabiani akazilaza kwenye mkeka.

Ya kwanza ilikuwa mrembo. Waya wa chuma uliosukwa, unang'aa kama jana, ncha mbili zenye kulabu, na kishikio cha kuzungusha katikati. Unaikunja inaingia kwenye mkoba wa mkono. Ya pili ilikuwa bomba la mraba lenye skrubu ndefu, rangi imebanduka, na kila mwisho wake vidole viwili vilivyovishwa mpira. Jumla vidole vinne. Kwa sura ilifanana na kitu cha kung'olea meno ng'ombe.

"Chukua hii," alisema Mzee Fabiani, akimpa ile ya kung'aa. "Wazungu waliipenda hii. Nyepesi. Ile nyingine hawakuigusa."

Hapo ndipo Agape alipojua kwamba anajua. Maana aliipokea, kwa heshima, kwa mikono miwili kama inavyotakiwa, lakini kichwa chake kilishakataa.

"Asante, Babu. Naomba nikuulize. Pinde zao mikono yake ilikuwaje? Ilisimama hivi, kama ya mti, au ililala hivi, kama huu wangu?"

Mzee Fabiani akautazama ule upinde. "Ilisimama. Zilikuwa za zamani."

"Ndiyo maana. Huu mikono yake imelala, na kila mmoja umepasuliwa katikati, kwa hiyo ni kama minne. Waya huu unashika katikati ya mkono, tena kwa kulabu moja. Moja kwa mikono miwili, Babu! Itashika huu, ule itauacha. Nikizungusha, upinde unaenda mrama. Ile mbaya pale inashika kwenye ncha kabisa, kila mkono na kidole chake. Na ona, ina pini ya kufunga. Hata nikiachia skrubu kwa bahati mbaya, hairudi."

"Sikilizeni mtoto huyu," alisema Mzee Fabiani. "Nimekaa na sanduku miaka tisa, leo nafundishwa sanduku langu."

Optatus akamwinamia Agape sikioni. "Chukua ya kung'aa bwana, ile nyingine nitaibebaje kwenye pikipiki? Watu watasema naenda kung'oa ng'ombe meno."

 Mzee Makoye alikuwa ameshachuchumaa na pamba yake. Akaipitisha kwenye kulabu ya ile ya kung'aa. Pamba ikanasa. Akavuta, ikabaki pale imening'inia kama mvi. Palikuwa na jino dogo la chuma, halionekani kwa macho, ambalo lingechana mkono wa upinde palepale lilipobana. Akahamia kwa ile mbaya, kidole cha kwanza, cha pili, cha tatu, cha nne. Pamba ikapita kama juu ya maziwa.

Akasimama, akajipangusa magoti. "Nilisema mti, yeye akasema siyo mti," alimwambia Fabiani. "Alisema kweli. Mpe anayoitaka."

Kuna wazee wanaosema samahani kwa kusema samahani, na kuna Mzee Makoye.

Saa nane mchana walikuwa wamerudi Sitalike, na Agape akatandika turubai uwanjani. Kwanza aliizungusha presi tupu, mbele na nyuma, akiisikiliza. Ilisaga sawasawa, haikuruka mahali. Kisha akalegeza skrubu za upinde wenyewe, mizunguko mitatu juu, mitatu chini, akihesabu kwa sauti, maana juu na chini zikitofautiana huo ndio mwanzo wa balaa. Akavaa miwani ya Optatus ya kuendeshea pikipiki.

"Nyie wote, nyuma yangu. Siyo mbele, siyo ubavuni. Baba, nyuma."

"Mimi ndiye baba hapa."

"Ndiyo maana nakutaka na macho yote mawili."

Akakaa nyuma. Sijui kama mtu mwingine yeyote Sitalike amewahi kumpanga Mzee Makoye mahali pa kukaa.

Vidole vinne vikashika ncha nne. Agape akavikagua kimoja kimoja, akavutavuta kwa mkono, akarudia. Nusu mzunguko. Akasimama, akatazama. Nusu mzunguko. Mikono ikaanza kukunjika, polepole, pamoja, kama mtu anayepiga goti kanisani. Upinde ukalia *kii*.

"Mama yangu," alinong'ona Optatus.

"Ni mpira unabanwa. Kaa kimya."

Nusu tena. Na kamba ile kuu, iliyokuwa imekazwa kiasi cha kukata mkate, ikalegea, ikaning'inia, ikawa uzi tu. Agape akaingiza pini ya kufunga, akatikisa presi kuona kama imeshika. Imeshika. Akatoa kamba iliyooza, akavisha mpya, kitanzi cha juu, kitanzi cha chini, akahakikisha imekaa kwenye mfereji wa magurudumu yote mawili. Akachomoa pini. Nusu mzunguko kurudi. Nusu. Nusu. Kamba ikakaza, ikaimba kidogo, ikanyamaza.

Akarudisha zile skrubu, tatu juu, tatu chini. Hakuvuta upinde mtupu, maana kompaundi ikiachiwa bila mshale inajiua yenyewe. Aliweka mshale, akasogea hatua saba kutoka kwenye gunia la pumba, akavuta. Gurudumu likageuka laini. Akaachia.

*Tup.*

Katikati.

Mzee Makoye alienda kuuchomoa yeye mwenyewe. Akautazama ulivyozama, akaleta pamba yake, akapitisha tena kwenye mikono yote. Ilitoka nzima.

Ijumaa, basi, hakukuwa na haja ya kuogopa, na Agape hakuogopa. Meneja aliitwa Romana, dada mrefu aliyeongea kwa kifupi. Wageni watano walikuwa wamekaa wakingoja. Mishale sita. Mitano ikaingia kwenye duara la njano la katikati, wa sita ukagusa mstari. Wageni wakapiga makofi. Romana hakupiga.

"Kupiga nimeona," alisema. "Aliyekutangulia jana naye alipiga vizuri. Kamba hii nani kaiweka? Ni mpya kabisa."

"Mimi."

"Wapi?"

"Nyumbani. Uwanjani kwetu."

Romana akaweka chini daftari lake. "Kwa kutumia nini?"

"Kwa presi, dada. Ya kubeba begani. Zilikuwa mbili, nikachagua."

Ndipo Romana alipomchukua mpaka stoo. Kompaundi sita zimetundikwa ukutani, kamba zote zina ndevu za mahindi, zimelala pale tangu kambi ifunguliwe. Chini yake, kwenye boksi, kamba mpya sita, hazijaguswa. Aliyetangulia jana alipoulizwa atafanyaje, alisema anaweza kuzikunja kwa goti.

"Kwa goti!" Agape alishika mdomo. "Na hizi nazo mikono yake imelala! Dada, usimruhusu mtu. Hata baba yangu nusura... yaani ngoja nikwambie, siku ile natoka kuoga..."

Akaanza. Na akianza Agape, nani wa kumzuia? Alieleza mguu, alieleza pamba, akaigiza mpaka sauti ya Mzee Fabiani, na Romana, yule wa maneno mafupi, akajikuta amekalia boksi anacheka mpaka anafuta machozi. Hadithi imefika kwenye mkeka, presi mbili zimelala, mwenye sanduku ananyoosha ile ya kung'aa, mara mpishi akachungulia: wageni wanamngoja meneja mezani.

"Ukaichukua?" aliuliza Romana, hasimami.

"Wageni wako, dada."

"Ukaichukua au hukuichukua?"

Agape alikuwa ameshavuta ngazi, anateremsha upinde wa kwanza ukutani na kuulaza juu ya meza, uso wa magurudumu kwa juu, kama mtu aliyefanya kazi mle miaka mitatu.

"Kesho," alisema. "Kesho saa moja asubuhi nakuja na chombo chenyewe begani, nakumalizia hadithi yote hapahapa huku nakufungia hizi kamba."

Romana akamtazama, akautazama ule upinde mezani, kisha akamrushia ufunguo wa stoo.