Kadi za Akina Bedan Ngigi

Mwaka 1984 nilikuwa na tai shingoni na kompyuta kichwani, na nilijiona mtu. Kampuni yetu ilinituma kwenye zahanati moja ya Buruburu nijue inataka mtambo wa namna gani wa kutunza kadi za wagonjwa. Nikagawa fomu yenye maswali ishirini na nane. Benta Adoyo, karani wa kadi, mama asiyependa maneno mengi, aliijaza kwa mwandiko mzuri: kadi hupangwa kwa namba. Nikaandika ripoti kwamba mtambo utatafuta kwa namba, au kwa jina mgonjwa akisahau namba, na kwamba kazi ya karani haitahitajika tena.

Ilibaki kuipeleka ofisini mchana ule. Lakini jambo moja lilinikera: tangu nifike sikuwahi kumsikia Benta akimwuliza mtu namba. Nikaomba niketi nyuma yake nitazame. Akanijibu kwamba macho hayana pazia.

Akaja msichana mmoja, Wacuka, amembeba mtoto mwenye homa, Bedan Ngigi. Namba hakuwa nayo. Nikachungulia daftari la wagonjwa, nikaona wako Bedan Ngigi wanne. Babu yao, Mzee Bedan Ngigi, ana wana wa kiume wanne, na kila mmoja, kwa desturi ya Wakikuyu, alimpa mwanawe wa kiume wa kwanza jina la babu. Benta hakugusa kadi hata moja. Alimtazama mtoto, akamtazama Wacuka, akauliza Njoki, mama wa mtoto, yuko wapi. Wacuka akasema dada yake yuko kazini. Benta akatoa kadi ya Njoki. Ndani yake ilikuwa imekunjwa kadi ya mwanawe, yenye wino mwekundu: asidungwe penisilini.

Niliogopa sana. Mtambo wangu ungemtoa Bedan yeyote.

Wacuka alipoingia kwa daktari, nikamwuliza Benta, kwa hasira kidogo, mbona hakuyaandika hayo.

"Uliniuliza kadi zimepangwa aje," akasema. "Hukuniuliza natafuta aje. Na nikikuambia yote iko kwa kichwa yangu, kesho nitakuja hapa kufanya nini?"

Katika maswali yangu yote, hilo halikuwamo. Nikaona aibu. Nikatoa ripoti mkobani, nikaikata kwa kalamu ile sentensi ya kazi yake, nikampa aisome mwenyewe.

Aliisoma mara mbili, pamoja na nilichokikata. Kisha akaniambia nivute kiti karibu.