Maziwa ya Mama Mukai

Jumamosi asubuhi Nthoki aliketi mlangoni pa chumba chao Makadara, akimnyonyesha Mukai. Tone la maziwa likaanguka sakafuni. Nzi akatua, akaonja, akafa. Nthoki akamfagia.

Kufikia mchana wapangaji wa ploti nzima walikuwa na habari, maana jirani yao Nduta alikuwa ameona, na Nduta akishaona jambo, redio ya nini tena?

"Mama Mukai," akamwambia, "si ukuje ukae kwa kitanda yangu kidogo? Kunguni wametumaliza."

Nthoki akaenda, akaketi. Kunguni wakatoka kwenye nyufa za kitanda, wazee mbele, wakashuka hadi sakafuni na kufa kwa heshima. Tangu siku hiyo akawa anaazimwa kama jiko, nyumba hii hadi ile. Watu walishukuru sana. Wengine hata walimpa chai.

Mumewe, Nzuki, alikuwa akipakia unga wa kuua wadudu katika kiwanda kimoja Industrial Area. Kila Krismasi kampuni, kwa ukarimu wake usio na kifani, iliwagawia wafanyakazi magunia matupu ya unga huo. Yalikuwa ya pamba, laini ajabu. Nthoki alikuwa ameyafua vizuri, akashona shuka, na vipande vilivyobaki akamkatia Mukai nepi.

Kisha paka wa Nduta akalamba tone, akatetemeka hadi akafa. Siku chache baadaye Mukai naye akaanza kutetemeka. Nthoki akaogopa. Aliogopa kifua chake mwenyewe. Akamfunga mtoto mgongoni, akatembea hadi kwa daktari wa kampuni.

"Unga wetu unaua wadudu tu," daktari akasema. "Kwani mtoto wako ni mdudu?"

Nzi walikuwa wakianguka mezani pake. Aliwapangusa kwa mkono, akiendelea kuzungumza.

"Na paka je, daktari?"

"Paka ni wako?"

"Wa jirani."

"Basi mwache jirani alete malalamiko yake."

Meneja wa kiwanda aliposikia habari za mtoto huyo, alifurahi. Akaita mpiga picha ili sura ya Mukai iwekwe kwenye makopo mapya ya unga, juu ya maneno Salama kwa Familia. Lakini mtoto hakutulia, picha ikatoka na ukungu, wakatafuta mtoto mwingine.

Nthoki akarudi nyumbani. Maziwa ya kopo hawangeyamudu. Mukai alikuwa akilia kwa njaa. Nthoki akamtazama, akatazama mlango, kisha akafungua blauzi akamnyonyesha.