Shimo Linalomeza Nyota

Mwaka ule huko Nyamongo ng'ombe waliachiwa wazee. Kila mwenye mikono alikuwa shimoni akitafuta dhahabu. Uvumi ulishavuma kwamba wazungu wanaiona kwa chombo kilicho angani. Kwa hiyo Robi, binti wa kidato cha tatu, aliporudi likizo na picha aliyopewa na mwalimu wake wa fizikia, baba yake Filemoni alisikia maneno mawili tu: "darubini" na "angani". Yaliyofuata hakuyasubiri.

Pichani palikuwa na doa la mwanga, na mstari ulionyooka ukichomoza humo, wenye mafundo mafundo.

"Mshipa wa dhahabu huo! Doa ndicho kilima chetu. Mstari unapita..." Akaigeuza picha, akageuka nayo. "Unapita bomani kwangu!"

Asubuhi Robi akakuta ng'ombe wamefungwa nje, baba yake na jirani yao Gati wamesimama na sururu katikati ya boma lililojengwa na babu.

"Tata, ukichimba hapo ng'ombe watalala wapi? Kitandani kwako?"

"Watalala chini ya bati jipya. Sogea!"

"Kwanza nijibu. Dhahabu ikiwa ardhini inang'aa?"

"Aka! Ni jiwe tu, mpaka uitoe, uisage, uioshe."

"Sasa huu mshipa mbona unawaka wenyewe?"

Sururu ikabaki hewani.

"Mura, umebanwa," Gati akacheka.

"Hilo doa ni nyota," Robi akasema, "nyingi kuliko mchanga wote mliowahi kuosha. Katikati yake kuna shimo jeusi. Vitu vinalizunguka kama maji kwenye karai, vingi vinamezwa, vingine vinarushwa nje kwa kasi mpaka vinawaka. Ndio mstari huo. Mwanga wake umesafiri miaka zaidi ya milioni hamsini kutufikia."

"Linameza huku linatema," Gati akasema. "Kama wewe, Filemoni, na ugoro wako."

Filemoni hakucheka. Alimtazama binti yake kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza.

"Na haya yote yamo kichwani mwako wewe?"

"Yamo, Tata."

Akaitupa sururu, akaenda mwenyewe kuwafungua ng'ombe.

Tangu siku hiyo, wachimbaji wakianza kutambiana kina cha mashimo yao, Filemoni hutema ugoro kwanza.

"Hayo ni ya panya," husema. "Robi wangu analijua linalomeza nyota."