Safu ya Fundi Viatu

Jumamosi ambayo kikundi cha upandaji miti kiliwaalika wanafamilia kutembelea msitu, fundi cherehani alifunga kazi mapema, akafunika mashine kwa kitambaa, akafuatana na mumewe. Alikuwa hajawahi kufika huko. Miaka yote mumewe, fundi viatu, alitoka alfajiri na madumu ya maji kwenye baiskeli, yeye akabaki na sare za watoto wa watu.

Zamani pale palikuwa uwanda mtupu. Ukianika nguo, vumbi lilikuwahi kuzianua. Sasa jua lilipenya kwa kubahatisha, na kila nyumba ilikuwa na safu yake ya miti.

Miti hiyo iliongea. Ilirudia yale iliyoambiwa ilipokuwa michanga, kwa sauti ya aliyeimwagilia, na watu walishazoea. Safu ya mwalimu ilikariri jedwali la saba. Safu ya muuza nyama ilimsema shemeji yake, naye shemeji mwenyewe akapita na kucheka, "Huyu bado hajachoka tu?"

"Ya kwetu iko wapi?" fundi cherehani akauliza.

"Kule mwisho," mumewe akasema, akabaki nyuma kusalimiana na mwenyekiti wa kikundi.

Mti wa kwanza ukamwambia, kwa sauti ya mumewe, "Umeamkaje, mpenzi? Pole na jua la jana." Wa pili ukasema, "Leo umependeza. Hayo majani mapya yamekukaa kweli." Fundi cherehani akashika kiuno. Nyumbani mwanamume huyo aliweza kumaliza siku nzima kwa neno moja, nalo ni "haya."

Wa tatu, mwarobaini mnene, ulisema taratibu. "Mwanetu angeanza shule leo. Nimepita pale getini, nimewaona wenzake na mabegi yao. Nimeshindwa kushona hata kiatu kimoja."

Mtoto wao alifariki kabla hajajua kutembea. Baada ya mazishi mumewe hakumtaja tena, na yeye alilia peke yake juu ya sare alizoshona, akiamini mwenzake amesahau. Sasa akaona wivu. Kama aliyeambiwa hayo angekuwa mwanamke, fundi cherehani angejua nyumba ya kwenda kugonga.

Mumewe alipofika, alimkuta amelikamata shina kama anayetaka kuling'oa.

"Haya yote uliuambia mti?"

"Ulikuwa mchanga. Ulitaka kuongeleshwa."

"Na mimi je?"

Fundi viatu akatazama majani. "Wewe ungelia."

"Ningelia na wewe."

"Haya," akasema, akainama kukagua kama kuna mchwa.

Kesho yake fundi cherehani alirudi peke yake na panga. Alipolinyanyua, mwarobaini ukamwambia, "Pole, umechoka. Pumzika kidogo." Miaka mingi hakuna aliyemwambia hivyo. Akaketi, panga mapajani, akausikiliza mpaka mwisho. Kisha akaenda kwenye kitalu cha kikundi, akaomba mche, akaupanda ubavuni mwa ule mwarobaini.

Tangu hapo mume alikwenda asubuhi na mke jioni. "Hata mimi nilipita pale getini," aliuambia mche huku akiumwagilia. "Nilizunguka nyuma ili nisiwaone. Unazikumbuka nywele zake?"

Mche ulipofika kifuani ukaanza kuongea kwa sauti yake, na mwarobaini ukawa unaitikia. Wageni walipelekwa kuisikiliza miti hiyo miwili. Watu walikubaliana kwamba katika msitu mzima hapakuwa na wawili walioelewana vile.

Siku moja mume na mke walikutana pale. Walisimama bega kwa bega, wakasikiliza miti ikiulizana nani alimfunga mtoto vifungo vya shati siku ile ya mwisho. Ilipokwisha, fundi viatu alikohoa.

"Haya," akasema, akashika baiskeli.

Wakaenda nyumbani, mmoja mbele, mwingine nyuma. Mke aligeuka mara moja akaitazama ile miti miwili, kwa jicho la mwanamke aliyeporwa mume.