Mwana wa Kwenye Fomu

Pale lilipokuwa jiko la Wegesa sasa amesimama twiga wa saruji. Jicho lake moja limepakwa rangi juu kuliko lenzake, na mguu wa nyuma umeanza kupasuka kabla hata bustani haijafunguliwa. Kutoka hapa hadi mbugani si mbali, fisi halisi huja usiku na kuchukua mbuzi halisi, lakini wakubwa walikaa kikao wakaona kwamba watoto wa mjini wana upungufu wa wanyama. Wakaagiza wa saruji. Wakaongeza bembea, mtelezo wa plastiki na bwawa lenye samaki watano, wakapaita Bustani ya Furaha ya Familia.

Siku ya uzinduzi Wegesa alisimama juani tangu saa mbili asubuhi. Ndani ya hema kulikuwa na viti vyenye vitambaa vyeupe, mstari wa mbele wa wageni waalikwa, mstari wa nyuma wa wanufaika. Wanufaika ni watu waliobomolewa nyumba zao. Ndivyo walivyoitwa kwenye karatasi, na wao wenyewe walikuwa wameshazoea kuitikia.

"Kadi yako, bibi?" aliuliza kijana wa mlangoni.

"Sikupewa. Nyumba yangu ilikuwa pale kwenye twiga."

"Kadi ya nyumba hiyo amechukua mwenye familia."

"Mwenye familia si ndiye mimi?"

"Bibi, usinichoshe. Hapa pameandikwa Mniko. Wewe ndiye Mniko?"

Wegesa aliegemea nguzo ya hema. Miguu ilikuwa imemvimba, na tangu jana alikuwa amekula uji tu, kwa sababu wanapolala sasa ni jikoni kwa Teresia, jirani yake wa zamani, na mgeni wa jikoni haombi ugali wa pili. Walikuwa sita humo ndani: yeye, Robi na watoto wanne wa Robi. Mvua za masika zikianza, bati la Teresia lenye matundu halitawasaidia kitu. Walichobaki nacho ni ahadi ya kiwanja. Kila familia iliyohamishwa ingepewa kiwanja cha kujenga nyuma ya bustani, na leo ndiyo siku ya kukabidhiwa.

Habari ya Mniko ilianza miaka miwili nyuma, siku Vicent, afisa wa mradi, alipofika na futi ya kupimia na fomu zake. Alikalishwa kwenye kigoda, akapewa maziwa, akayanywa yote.

"Unaishi na nani hapa, mama?"

"Na Robi, na wajukuu zangu wanne."

"Robi ni nani yako?"

"Ni mke wa nyumba hii."

"Mke wa nani?"

"Wa mwanangu."

"Mwanao anaitwa nani?"

"Mniko," alisema Wegesa, na hakuona kwamba amesema uongo, wala mtu yeyote kutoka Nyarero hadi Issenye asingeuona. Wegesa alizaa binti mmoja tu, Ester. Ng'ombe wa mahari ya Ester walipoingia zizini, hakuwauza wala hakuwagawa. Alikwenda nao Nyarero kwa mzee Ezekiel akamwoa binti yake, Robi, kwa jina la mwana ambaye hakumzaa, ili nyumba isizimike. Hiyo ndiyo nyumba ntobhu. Robi anazaa na mwanamume anayempenda mwenyewe, watoto ni wa Wegesa, na jioni moshi unatoka jikoni kama kwa watu wengine. Kwa kuwa mwana lazima awe na jina, walimpa la babu wa marehemu mumewe. Hata mwinjilisti anayeikemea mila hiyo kila Jumapili anajua kwamba Mniko hana mwili.

Vicent naye alijua. Mama yake ni wa Nyarero huko huko, na shangazi yake mwenyewe ameoa mke kwa njia hiyo hiyo. Angeweza kuuliza swali moja zaidi, au kuandika jina la Wegesa na kwenda zake. Aliandika: Mkuu wa familia, Mniko. Jinsia, me. Kazi, mkulima. Halafu akamgeuzia Wegesa karatasi, akamwonyesha pa kuweka dole gumba, chini kabisa, kwenye mstari wa shahidi.

Sasa spika ilikohoa hemani na mshereheshaji akaita, "Familia ya Mniko!"

Wegesa alimsukuma kijana wa mlangoni akaingia. Alikuwa amefika katikati ya viti alipoona mtu ameshasimama mstari wa nyuma. Suti ya kijivu, viatu vyenye ncha. Huyo ni Joel! Joel anayeuza simu zilizotumika pale stendi, ambaye dada yake ameolewa na Vicent. Joel alipita mbele akitabasamu, akashikana mkono na mgeni rasmi, akapokea bahasha ya kiwanja kwa mikono miwili kama mtu aliyefundwa adabu nyumbani. Watu wakapiga makofi.

"Na mama mzazi huyu hapa!" alisema Vicent, akimshika Wegesa bega. "Njoo, mama, tupige picha."

"Shikamoo, mama," alisema Joel.

"Wewe mura, kijana wa watu, mimi nimekuzaa lini?"

Vicent alicheka kwa sauti ili wengine wadhani ni utani, kisha akainama sikioni kwake. "Sikiliza, mama. Ulisema una mwana, ukatia dole. Ukisema leo huna, umeidanganya serikali, na hiyo ni kesi. Ukisema unaye, huyu hapa tumekutafutia. Tena ana roho nzuri, atawaachia chumba cha uani."

Mgeni rasmi alikuwa mtu mnene mwenye haraka ya kwenda kula. Aliwatazama kwa zamu. "Vipi, bibi? Ni mwanao au siyo?"

Wegesa aliwaona wajukuu zake wamejibana nje ya uzio wakitazama bembea. Aliifikiria mvua. Alimchukia yule mtu mnene, akamchukia Joel na viatu vyake, na zaidi ya wote akauchukia ulimi wake mwenyewe, kwa sababu tayari ulikuwa unasema, "Ni mwanangu."

"Safi kabisa!" alisema mgeni rasmi. "Hii ndiyo maana ya bustani ya familia."

Wakapiga picha. Chakula kilikuwa pilau, na aliyekuwa hana kadi hakupewa sahani.

Jioni, jikoni kwa Teresia, Robi alisikiliza yote huku akisonga ugali. Halafu aliweka mwiko chini.

"Umenipa mume, mama?"

"Nimekutafutia pa kulala."

"Miaka kumi na minane nimekaa kwako kwa sababu hukuwahi kuniletea mwanamume nisiyemtaka. Leo umeniletea muuza simu!"

"Nifanye nini, Robi? Nikafungwe? Watoto uwapeleke wapi?"

Robi aliokota mwiko. Alipakua ugali, akampa yeye kwanza kama siku zote, ila hakukaa naye kula.

Wiki haikuisha Vicent akaja, safari hii bila futi. Hakuingia ndani kwa sababu ya moshi. Alimwambia Robi, akiwa amesimama mlangoni, kwamba Mniko amepata mteja wa kile kiwanja, mtu wa hoteli, na mauzo yako tayari. Kumebaki jambo dogo.

"Mke lazima akubali. Sheria inamlinda mwanamke siku hizi. Mume hawezi kuuza tu hivi hivi. Jumatatu uje ofisini utie dole."

"Na kile chumba cha uani?" aliuliza Wegesa.

"Mama, uani wa kiwanja kilichouzwa?"

Robi alianza kucheka. Alicheka mpaka Teresia akatoka kuangalia kuna nini. "Siku ya kugawa kiwanja mimi sikuwa mtu," alisema. "Siku ya kukiuza nimekuwa mke! Haya. Mwambie huyo mume wangu kwamba mkewe amekataa. Sitii dole, labda wanikate mkono."

Vicent alitikisa kichwa kwa huruma, akasema atamwombea, akapanda pikipiki yake.

Usiku ule Robi alikula karibu na Wegesa. Walizungumza kwa Kikurya, taratibu, na kwa mara ya kwanza tangu nyumba ibomolewe Wegesa alihisi wameshika kitu ambacho mtu hawezi kuwanyang'anya. Kidole cha Robi! Bila hicho kiwanja hakiendi popote. Waliamua kwamba wasisubiri kuitwa tena. Jumatatu wataenda wenyewe, Robi akatae mbele ya watu, waandike kwamba amekataa, wabaki na nakala.

Jumatatu walifika kabla ofisi haijafunguliwa. Robi alikuwa amejifunga kitenge chake kizuri na kitambulisho amekifunga kwenye leso. Walikaa kwenye benchi la korido pamoja na wengine. Ukutani walikuwa wamebandika picha mpya ya uzinduzi, Joel katikati, Wegesa pembeni yake akiwa amefumba macho. Robi aliitazama mara moja tu, akageuka.

Saa tano karani, Agustina, alifungua mlango. "Robi wa Mniko!"

Robi alisimama. Mwisho wa benchi akasimama pia dada mmoja mwenye nywele za kusuka na kucha nyekundu, akaweka simu yake kwenye mkoba, akapita mbele ya Robi na kuingia.

"Mimi ndiye niliyeitwa," alisema Robi.

"Robi ameshaingia."

"Robi ni mimi! Tazama kitambulisho."

Agustina alikitazama. "Hiki kimeandikwa Robi Ezekiel. Huyo ni wa baba yako. Mwenzio chake kimeandikwa Robi Mniko." Akamrudishia. Alikuwa karani tu, hakuwa na ubaya naye, na chai yake ilikuwa inapoa.

"Muulize huyu mama! Muulize yeye amenioa mimi au amemwoa yule!"

"Mama gani amekuoa, dada?" alisema Agustina, na benchi zima likacheka.

Kutoka ndani ikaja sauti ya Vicent. "Mama mzazi wa Mniko yupo? Aingie. Tunahitaji shahidi wa ndoa."

Wegesa aliingia kwa sababu alidhani atausema ukweli. Alikuwa amepanga maneno yote tangu usiku. Joel alikuwa amekaa dirishani akichezea funguo. Yule dada akasimama upesi, akapiga goti kidogo, "Shikamoo, mama," akamwachia kiti chake, na kiti kilikuwa bado cha moto.

"Mama," alisema Vicent, akifungua kile kidude cha wino na kukisogeza, "huyu ni mkamwana wako? Au unataka tuanze upya kuulizana Mniko ni nani?"

Dole la yule dada lilikuwa limeshawekwa kwenye karatasi, jeusi, bado linang'aa. Chini yake kulikuwa na mstari mtupu wa shahidi. Wegesa alifungua mdomo. Nje, nyuma ya mlango, alimsikia mlinzi akimwambia Robi asogee, benchi hilo ni la familia zilizoguswa na mradi tu.