Hatua ya Kinga

"Hii ya nini?" Meneja aligusa hatua moja ya mpango wa kazi kwenye kioo cha kompyuta. "Kurudisha kinga."

"Inazuia mikono isiingie chini ya mashine, bosi," alijibu mpangaji wa kazi.

Kiwandani mle mashine zilikaa juu ya reli. Kila oda ilipobadilika zilisukumwa, zikaachanishwa, zikaunganishwa upya: leo bawaba, kesho mishikio ya ndoo. Mpangaji ndiye aliyeamua ipi itangulie, ipi ifuate, na nani asimame wapi.

"Kuifunga na kuipima upya kunatula nusu siku. Iondoe."

"Pale kwenye kukunja bati yupo mume wangu."

Meneja alicheka, tena bila chuki. "Mwambie awe macho. Au nitafute mpangaji mwingine, nyinyi mkae nyumbani mpendane?"

Mpangaji aliifuta ile hatua.

"Usiingize vidole, baba watoto," alimwambia mumewe jioni, akimsugua mgongo.

"Nyumbani polepole, kazini mbio mbio. Kumbe nimeoa wake wawili!"

Walicheka.

Mashine ilipomla mkono, mume hakupiga kelele, walipiga wenzake. Mkewe alimkuta ameketi sakafuni, akiutazama ule mwisho wa mkono kama mtu anayesubiri kuelezwa jambo. Walimpakia kwenye gari la kubebea mabati. Mpangaji alikuwa ameshapandisha mguu mmoja, Meneja akamshika kiwiko.

"Unakwenda wapi? Kazi imesimama. Nani ataipanga?"

"Bosi, mume wangu..."

"Kwani wewe daktari? Sikiliza, mama. Yeye kazi imemwisha leo. Hospitali watampokea kwa kadi yako ya bima ya kazini. Ukitoka getini, na kadi imekufa."

Aliushusha mguu. Gari likaondoka, mumewe akimwita kwa jina la kifungua mimba wao.

Alirudi ndani. Alimtoa mumewe kwenye mpango, akamweka mjane mmoja wa upande wa kufungasha. Mjane alikuja akijifuta viganja kwenye sketi. Bati lilikuwa limeshapanguswa, bado lina unyevu.

"Dada," alinong'ona, "shemeji alikosea wapi, nami nisikosee?"

Mpangaji alifungua mdomo. Meneja alikuwa amesimama begani kwake, akitazama saa.

"Sogea karibu kidogo, mama," alisema mpangaji. "Hapo mbali utachelewa."

Mjane akasogea, akaingiza mikono yote miwili.