Zamu ya Kukimbia

Jeshi la kwetu Marekani lilitukataa, wengine kwa macho mabovu, wengine kwa miguu bapa, tukajitolea wenyewe kuja jangwani, kusini ya mji wa Tobruk, kuendesha magari ya majeruhi wa Kiingereza. Ndege ya adui ikija, tulikuwa na desturi yetu. Dereva mmoja hukimbia akalala mchangani mbali na gari, mwenzake hubaki na majeruhi. Wakifa wote wawili, nani ataendesha? Tulipokezana zamu, na ushujaa wa kujitia ulikuwa mwiko.

Asubuhi hiyo zamu ya kukimbia ilikuwa ya mwenzangu, Merritt. Nyuma tulimbeba Sajini Pickering, mwenye risasi ya tumbo. Mtu wa tumbo humwendeshi, unambembeleza. Mtikisiko mmoja mbaya umemmaliza. Ndege ilipochomoza upande wa jua, nikafunga breki.

"Toka!" nikamwambia Merritt.

"Nimwache mzee wa watu hivi hivi?"

"Nenda zako, kijana," Pickering akasema kwa shida. "Kwanza unanuka petroli."

"Zamu ni zamu! Kimbia, mpumbavu we!"

Akakimbia. Rubani aliuona msalaba mwekundu juu ya paa, akatupita bila kutugusa. Lakini mtu anayetimua mbio mchangani hana msalaba mgongoni. Akammiminia risasi.

Nilimkuta hai, paja limechanika, damu haikamatiki hata nilipolikaza kwa mkanda wangu. Nikamlaza kando ya sajini, nikashika usukani, na hapo nikachanganyikiwa. Merritt alihitaji mbio. Pickering alihitaji taratibu. Mpaka kwenye hema la daktari, njia yote ilikuwa mawe.

Nikakanyaga mafuta. Gari likaruka, Pickering akapiga ukelele ambao sitaki kuusikia tena.

"Punguza!" Merritt akafoka kupitia kidirisha cha nyuma yangu.

"Nyamaza! Unavuja kama ndoo mbovu!"

"Punguza, nimesema! Majeruhi ni huyu. Mimi ni dereva."

Nikashusha gia. Nikaenda mwendo wa kobe, nalia kwa sauti bila haya, naye ananitukana kila shimo nililoingia. "Kushoto, kipofu we! Kushoto!" Kisha nikaingia shimo kubwa, nikangoja tusi lake, halikuja.

Sajini Pickering alifika hai.